Punda wa Kuazima Akiugua

Somo: Kutoka 22:10–15, 2 Wafalme 6:1–7, Mithali 12:10

Wiki ya tano sasa tuko kwa kitabu cha Kutoka, na najua wengine wenu tulipovuka mlango wa 20 mlifikiri tumeacha mambo ya kiroho tukaingia mambo ya mifugo. Mtu aliniuliza mlangoni, "Pasta, hizi sheria za ng'ombe na punda zinatuhusu nini?" Nikamwambia asubiri Jumapili ya aya ya 14. Ndiyo hii.

Sheria yenyewe ni fupi. Mtu akiazima mnyama wa jirani, halafu mnyama aumie au afe wakati mwenyewe hayupo, aliyeazima atalipa. Mwenyewe akiwa yupo pale, hatalipa. Na kama mnyama alikodishwa kwa pesa, hasara inaingia ndani ya ile pesa ya kukodisha. Basi. Aya mbili tu.

Mimi nilisomea biashara chuo kikuu kabla Bwana hajaniita kwa kazi hii, na nawaambia kuna mikataba ya bima ya kurasa 30 ambayo haijasema jambo hili wazi namna hii. Swali ni moja: hasara ikitokea, ni ya nani? Musa anaangalia ni nani anafaidi na ni nani anaona. Ukiazima bure, faida yote ni yako, kwa hivyo na hatari ni yako. Mwenyewe akiwa amesimama hapo, anaona mzigo unavyopakiwa na ana mdomo wa kusema "huo umezidi", akinyamaza, amekubali. Na yule anayekodisha alishajua mnyama anaweza kuumia, akaiweka hatari hiyo kwa bei. Hakuna anayeonewa hapo.

Lakini angalia kile ambacho aya hizi hazijasema. Zinataja kuumia na kufa. Hazijataja mnyama ambaye hajafa na hajapona. Yule wa leo mzima, Ijumaa anachechemea, Jumatatu yuko sawa, wiki ijayo amelala chini. Hakuna siku moja unayoweza kushika kalenda ukasema, "Ni hapa alipoumia." Na jamani, shida nyingi za maisha ziko hivyo. Si ajali. Ni kidonda kinachofunga na kufunguka.

Sasa niwaambie kilichonifanya nikae na maandiko haya wiki mbili. Dada mmoja wa kanisa hili amenipa ruhusa niseme habari yake bila jina lake. Wengi wenu mnanunua maji kwake, kwa hivyo mtamjua, lakini mkae kama hamjui.

Dada huyu ana punda dume wake mwenyewe. Miezi 11 iliyopita mzee mmoja wa ng'ambo ya barabara, si wa kanisa letu, alimwazima punda jike ili wavute mkokoteni wawili. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: wewe lisha, wewe tumia, akizaa mtoto ni wangu, ukimaliza nirudishie. Wakanywa chai, mambo yakaisha. Hakuna karatasi, hakuna shahidi isipokuwa mjukuu wa mzee aliyekuwa anachunga mbuzi.

Mwezi wa tatu punda akaanza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Daktari wa mifugo akaja, akakuta jipu ndani ya ukwato, akalifungua, usaha ukatoka, akaacha dawa. Punda akapona. Mwezi wa tano likarudi. Mwezi wa saba ikawa mguu wa kulia. Kufikia juzi dada yetu alikuwa ametumia shilingi 9,400, na kwa mtu anayeuza maji kwa mtungi, hizo ni pesa za karo. Daktari alipokuja mara ya nne aliangalia kwato kwa makini akamwonyesha kitu: pete zinazozunguka ukwato, na umbo lake limekwenda mbele kama kiatu kilichochakaa. Akamwambia huu ni ugonjwa wa zamani, laminaitisi, ule unaoshika ile nyama inayounganisha ukwato na mfupa. Majipu yanajirudia kwa sababu ukwato umeshaharibika kutoka ndani. Anaweza kutunzwa, akatwe kwato kila wiki 6 hadi 10 na mtu anayejua, apunguziwe chakula cha nafaka, apumzike. Lakini punda wa kuvuta mkokoteni kila siku, hapana.

Ndipo akanijia. "Pasta, nimrudishe au nisimrudishe?"

Kabla hajafika kwangu alikuwa ameshapata washauri. Wa kwanza alimwambia amfunge punda kwa lango la mzee alfajiri na apige simu baadaye aseme kazi imepungua. Wa pili akamwambia, kwa nini umrudishe, si umfanyishe kazi mpaka aanguke, kwani ulimnunua? Wa tatu, na huyu alinisikitisha kwa sababu anaimba hapa mbele, alimwambia kuna mabroka wanachukua punda hata mgonjwa. Amwachie broka, halafu amwambie mzee wameiba. Punda wameibwa sana upande huu wetu, mzee angeamini.

Huyo wa tatu sitamjibu leo. Amri ya nane inamjibu, na ya tisa inamalizia. Huyo wa pili tutafika kwake. Lakini wa kwanza ndiye hatari zaidi, kwa sababu ushauri wake unafanana na utii. Si Biblia inasema rudisha? Zaburi ya 37 aya ya 21 inamwita mwovu yule anayekopa asilipe. Basi amerudisha! Punda yuko langoni, kamba yake iko, deni limeisha.

Halijaisha. Amerudisha mnyama akabaki na habari. Mzee ataamka, ataona punda amesimama, atafurahi, na Jumatatu atamfunga mkokoteni. Malaki mlango wa kwanza unasema juu ya watu walioleta madhabahuni wanyama vipofu na viwete, na Mungu akawaambia, kwa maneno yangu, hebu mpelekee gavana wako huyo uone kama atakupokea. Watu hawa walikuwa wanatoa! Walikuja ibadani, walikuwa na mnyama mkononi. Shida ni kwamba walitumaini hakuna atakayeangalia miguu.

Twende kwa Wafalme wa Pili, mlango wa 6. Wana wa manabii wako Yordani wanakata miti, chuma cha shoka kinatoka kinaangukia majini. Yule kijana analia. Na analia kwa sababu gani? Kwa sababu shoka liliazimwa. Kama lingekuwa lake, angesema "haya, bahati mbaya," akaenda nyumbani. Chuma enzi hizo hakikuwa kitu cha kuokota sokoni. Tunapenda kuhubiri muujiza wa chuma kuelea, na mimi nauamini. Lakini Elisha kabla ya muujiza anauliza swali moja dogo: kilianguka wapi? Na kijana akamwonyesha mahali.

Hapo ndipo nimekaa wiki mbili. Nabii anayeweza kuelesha chuma hakujua kilipoanguka? Pengine alijua. Lakini aliyeazima alitakiwa kunyoosha kidole aseme, "Hapa." Watu wengi tunataka Mungu aeleshe chuma bila sisi kuonyesha mahali. Tunataka uhusiano urudi, jina letu libaki safi, mzee aendelee kutusalimia, lakini ile sentensi moja ya "alianza kuchechemea mwezi wa tatu na sikukuambia" haitoki mdomoni.

Ukirudi Kutoka 22 aya ya 13 utaona jambo hilo hilo. Mtu aliyewekewa mnyama akiraruliwa na mnyama wa mwituni, alete mabaki yawe ushahidi. Yaani hata mzoga una kazi: unasema ukweli. Dada yetu ana karatasi nne za daktari ndani ya bahasha ya kaki. Huo ndio ushahidi wake, na nilimwambia bahasha hiyo iende kwa mzee kabla ya punda.

Sasa wacha nivae kofia ya biashara dakika chache. Nilipomuuliza dada kwa nini hajarudisha tangu mwezi wa tano, alisema, "Pasta, nimeshaweka elfu tisa kwa huyu punda. Nikimrudisha sasa, si nimetupa?" Hapa wengi wetu tunanaswa, na si kwa punda tu. Kwa plot yenye kesi, kwa gari linalolala gereji, kwa biashara ya mtumba ambayo kila mwezi unaiongezea mtaji kutoka mshahara wa mzee nyumbani. Pesa iliyokwenda imekwenda. Ukimrudisha punda, elfu tisa hairudi. Usipomrudisha, pia hairudi. Kwa hivyo haina kura kwa uamuzi wa leo. Luka 14 aya ya 28 Yesu anasema mtu huketi kwanza ahesabu gharama ya kumaliza mnara. Ya kumaliza, mpendwa. Hesabu ni ya mbele.

Tukahesabu ya mbele, pale mezani, kwa nyuma ya karatasi ya matangazo. Mkokoteni wake unabeba mitungi 20. Mtungi ni lita 20, lita ni kilo. Hizo ni kilo 400 kabla hujapima mkokoteni wenyewe na kijana aliyekaa juu akipiga mluzi. Punda wawili wazima wanaweza barabara tambarare. Punda mmoja mzima na mmoja mwenye maumivu maana yake mmoja anavuta na mwingine anavutwa. Kwa hiyo hata dume, ambaye ni wake, alikuwa anaharibika taratibu. Kwa hesabu peke yake jibu lilikuwa wazi: rudisha, hata jana.

Lakini hesabu ina mpaka wake, na nasema hivyo kama mtu anayeipenda. Kwenye vitabu vya uhasibu punda anaandikwa kwa safu ya mali, na kila mwaka unampunguzia thamani mpaka afike sufuri. Vitabu havina safu ya maumivu. Mithali 12 aya ya 10 inasema mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Na Yona, kile kitabu kinaishia na nini? Mungu anamwambia nabii aliyekasirika kwamba Ninawi kuna watu zaidi ya elfu mia na ishirini, halafu anaongeza, na wanyama wengi pia. Hilo ndilo neno la mwisho kwenye kitabu. Mungu wakati anahesabu mji, anahesabu na wanyama.

Hapa ndipo namjibu yule mshauri wa pili, wa "mfanyishe kazi mpaka aanguke." Wapendwa, punda si mnyama wa kulia. Mbwa akiumia mtaa mzima unajua. Punda anaficha. Anasimama tu, masikio yamelala, anakula kidogo, watu wanasema ni mvivu au ni mkaidi. Daktari alituambia punda akionekana wazi kwamba anaumwa, ujue ameumwa siku nyingi. Soma Hesabu 22. Balaamu alimpiga punda wake mara tatu kwa sababu alikataa kwenda. Punda alikuwa anaona upanga, bwana wake alikuwa haoni. Na huyo Balaamu ndiye mwenye cheo cha kuona maono! Punda anayekataa kutembea ana sababu. Na nikisema hivi msinitazame kama nimehamia chama cha kutetea wanyama; nchi hii ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kumfunga mkokoteni mnyama asiyefaa kazi ni kosa. Kuna ndugu hapa wa mikokoteni, tuongee baada ya ibada, kwa upendo.

Sasa nije kwa sehemu iliyokuwa ngumu. Tulipofika hapo nilidhani tumemaliza. Rudisha, eleza, onyesha karatasi. Dada akanyamaza, halafu akasema, "Pasta, nikimrudisha atauzwa."

Hakuwa anabuni. Mnajua historia. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini, ngozi zikisafirishwa China kutengenezwa dawa ya jadi inayoitwa ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 Kenya. Ile ya 2019 ikahesabu karibu milioni 1.2. Serikali ikatangaza kupiga marufuku uchinjaji huo mwezi wa pili 2020, Mahakama Kuu ikaitupa marufuku hiyo 2021, na mwezi wa pili 2024 marais wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima. Lakini mnajua pia kwamba tangazo la Addis Ababa halizuii pikipiki ya broka kupita hapa saa kumi na moja asubuhi. Punda mgonjwa anayekula bila kufanya kazi, kwa mzee mwenye shida zake, anaenda wapi? Na dada huyu amemkanda mguu kwa maji ya chumvi usiku, miezi. Anajua sauti ya kwato zake barabarani. Alilia pale ofisini, na sikumwambia anyamaze.

Basi je, huruma inampa haki ya kumshikilia mali ya mtu?

Nilitafuta maandiko. Kutoka 23 aya ya 5 inasema ukimwona punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo, usimpite, msaidie. Kumbukumbu la Torati 22 inaendelea: mnyama wa ndugu yako aliyepotea, umpeleke nyumbani kwako, akae nawe mpaka mwenyewe amtafute, kisha umrudishie. Ona mpangilio. Unamwinua, unamlisha, unamtunza, pengine unampenda, na mwishoni bado ni wa yule mtu. Hata kama mtu huyo ni adui. Huduma uliyotoa haigeuki kuwa hati ya umiliki. Hili ni gumu kwa sisi tunaolea vitu vya watu: watoto wa ndugu, shamba la marehemu, hata huduma ya kanisa. Umeweka jasho, umeweka machozi, halafu unaambiwa si yako.

Na tena, dada hakuwa na uhakika mzee angeuza. Alikuwa amemhukumu kwa kitu ambacho mzee hajafanya. Mithali 18 inasema wa kwanza kusema kesi yake huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Mimi nilikuwa nimesikia upande mmoja. Nilianza hata kumkasirikia mzee moyoni, maana zile pete za ukwato zilisema ugonjwa ni wa zamani kuliko mkataba. Kama alijua, basi hakuazima punda. Alihamisha gharama ya chakula. Nanyi mnaoazimisha, sikieni hapo. Ukimpa mtu gari ukijua breki, ukimpa mtu shamba ukijua kuna kesi, usijiite mkarimu.

Yesu mwenyewe aliazima punda. Marko 11 aya ya 3. Mwenye vyote vya mbinguni na duniani anatuma watu wawili, na anawapa maneno ya kumwambia mwenye punda: Bwana anamhitaji, na atamrudisha hapa mara. Aliahidi kurudisha kabla hajamfungua. Hakusema "mimi ni Masihi, vitu vyote ni vyangu." Na waliposimamishwa na kuulizwa kwa nini mnamfungua huyo, walijibu waziwazi, mchana, mbele ya watu. Sisi kanisa letu, kwa habari tu, tuna sufuria mbili kubwa na hema moja ambavyo tulivitoa kwa harusi mwaka jana, na hatujasikia habari ya kurudi hata mara.

Turudi kwa aya ya 14 na 15. Nililiona neno ambalo nilikuwa nalipita: mwenyewe akiwapo. Sheria inabadilika mwenye mnyama akiwa karibu. Siku zote tulikuwa tunauliza punda aende kwa mzee au asiende. Hatukuuliza kama mzee anaweza kuja kwa punda.

Nikamshauri hivi. Kwanza, leo hii punda asivute tena, hata mtungi mmoja. Hilo halingoji mtu. Pili, asimtembeze kilomita zile kwa kwato zile. Tena daktari alikuwa amesema jambo ambalo mimi sikulijua: punda wakizoeana wanashikamana, ukiwatenganisha ghafla mmoja anaweza kukataa kula, na punda asiyekula, hasa mgonjwa, mafuta ya mwili yanamwagika kwenye damu na anaweza kufa kwa siku chache. Kwa hivyo siku atakayorudi, dume amsindikize na akae naye huko kwa muda. Tatu, ampigie mzee simu jioni hiyo hiyo amwombe aje siku ambayo daktari yuko, na amwambie kwa simu sababu, asimpige chenga. Wakikaa wote watatu, na punda wa nne, amweleze tangu mwezi wa tatu. Kisha aseme wazi anachoweza na asichoweza: ninaweza kumtunza mpaka jipu hili likauke, siwezi kuendelea kulipa daktari peke yangu, siwezi kumfanyisha kazi. Na kama daktari atasema maumivu hayatapungua na afadhali achomwe sindano alale, hilo ni neno la mwenyewe kuamua, si lake. Amwombe tu asimuuze kwa broka. Kuomba si dhambi.

Aliogopa jambo moja: mzee akidai alipwe punda mzima. Nikamwambia kwa aya ya 14 anaweza kudai, na tukaliombea hilo kwa jina lake, si kwa mafumbo.

Mzee alikuja Jumatano. Mimi nilikuwepo kwa sababu dada aliniomba, nikakaa kando. Alisikiliza mpaka mwisho, akasoma karatasi moja moja akiwa ameinua miwani, halafu akaenda kwa punda, akainama, akaushika mguu wa kushoto. Alikaa nao mkononi muda. Akasema, "Huu mguu naujua." Miaka miwili nyuma punda alikuwa amelala wiki tatu baada ya kuingia kwenye stoo ya mahindi akala usiku kucha. Akapona, ama walifikiri amepona, akapumzishwa, na mzee aliona kazi ya maji ni nyepesi kuliko kubeba mawe ya ujenzi, ndiyo maana alikubali kumtoa. Hakusema samahani kwa lile neno lenyewe. Alisema tu, "Ningekuambia."

Nilimwangalia dada. Elfu tisa na mia nne ilikuwa kwa bahasha, imeandikwa kwa kalamu nyekundu chini ya karatasi ya mwisho. Angeweza kuinua sauti, na mimi sijui kama ningemzuia. Akamuuliza kama atakunywa chai.

Walivyokubaliana ni hivi. Punda atakaa kwa dada mpaka kwato zikauke, asifanye kazi, kisha atarudi kwa mzee pamoja na dume kwa wiki mbili za kumzoesha, maana mzee ana punda mwingine mzee asiyefanya kazi. Daktari wa safari ijayo analipwa na mzee. Mabroka, mzee alisema, hawajui nyumba yake na hawataijua. Safari hii waliandika, nusu ukurasa, nami nikaweka sahihi kama shahidi. Zile 9,400 hawajaziongelea tena. Mzee huleta nyasi kavu Jumamosi kwa baiskeli, na hajasema ni za nini.

Dada sasa anabeba mitungi kumi na dume peke yake, kwa hivyo maji yanachelewa kufika upande wa juu. Wanaonunua kwake wavumilie, na wenye punda wa kukodisha kwa bei ya haki wamwone shemasi wa eneo lao, kwa maana tunatafuta wa miezi mitatu, na safari hii daktari ataangalia kwato kwanza. Jumapili ijayo tunaendelea na aya ya 16. Vijana, isomeni mapema, na mje.